Siku Mama Chuma Alipoita Watu

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Mama Chuma, na jina hilo hakupewa bure. Shuka zilizolowa maji, ambazo wenzake walizibeba wawili wawili, yeye alizikumbatia peke yake mpaka kwenye mashine ya kukaushia, huku akiwatania kwamba mikono yao iliumbwa kushika vikombe vya chai. Akiumwa kichwa, alifunga kitambaa akaendelea.

Kisha mumewe, fundi mwashi, akaanguka kutoka ghorofa ya pili ya jengo alilokuwa akijenga. Hakufa, ila kuanzia kiunoni kwenda chini mwili haukumsikia tena.

Kwa miezi minane Mama Chuma alimuuguza bila msaidizi. Alfajiri alimwosha, akamgeuza ubavu asipate vidonda, akamwekea chakula karibu, ndipo akaenda kazini. Mchana aliomba ruhusa ya dakika ishirini, akakimbia nyumbani kumgeuza tena. Mume alikuwa pandikizi la mtu, na kila alipomwinua mgongo wake mwenyewe ulilalamika. Mume akishauri waite mtu, alijibiwa kwamba watu wana yao.

Kila Jumatano alikwenda kwenye kikundi cha maombi, nyumbani kwa mpiga pasi wa palepale hospitalini. Kila mmoja alitaja haja yake. Zamu yake ikifika, alisema mgonjwa anaendelea vizuri, Mungu ni mwema, wamwombee mwenye shida zaidi. Akapiga magoti akawalilia wenzake mpaka kanga ikalowa. Ya kwake aliyameza. Moyoni aliamini Mungu ana foleni ndefu, na mtu mwenye nguvu zake hana haja ya kuipanga.

Jumamosi moja asubuhi, mkewe akimwogesha, mume aliteleza kutoka kwenye stuli akaenda chini. Mama Chuma akamkamata kwapani, akavuta, na kitu kikamkata kiunoni kama kisu. Akaanguka kando yake. Beseni likapinduka, wakabaki wote wawili wamelala kwenye povu, wakitazama dari.

Mume ndiye aliyeanza kucheka. "Sasa nani amwokote nani?"

Mkewe naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu siku ya ajali. Mume akamwacha alie. Alipotulia, akamwambia taratibu, "Mke wangu, mimi nilivunjika mara moja. Wewe unajivunja kila siku. Ni Bwana aliyekutuma hivyo, au umejituma?"

Mama Chuma akafumba macho palepale sakafuni. "Bwana, nimechoka," akasema. "Siwezi tena."

Ndiyo ilikuwa sala yote. Mgongo uliendelea kuuma vilevile, wala miguu ya mume haikutikisika. Lakini baadaye alisimulia kwamba kifuani mlilegea, kama mtu aliyetuliwa ndoo aliyosahau kwamba ameibeba. Akatambaa mpaka kwenye simu, akampigia mpiga pasi. "Dada, njooni mtuinue."

Walikuja watu wanne. Alitazamia huruma, akapata karipio.

"Miezi minane unatuombea, na sisi tunaitikia amina kama wageni," mpiga pasi alisema huku akimkausha nywele. "Mficha uchi hazai, mwenzangu. Imetosha. Sasa ni zamu yetu."

Na zamu zikapangwa kweli. Wanaume wawili wa kwaya walipitia kila alfajiri kumwinua mgonjwa. Mchomeleaji mmoja akafunga bomba la chuma juu ya kitanda, ili mgonjwa ajivute mwenyewe. Wanawake wakagawana mchana. Mchungaji akachukua Ijumaa, naye alitandika kitanda kama anafunga mzigo wa kuni, mpaka mgonjwa akawa anaingoja Ijumaa apate kucheka. Juma la kwanza Mama Chuma alisimama mlangoni akiwasahihisha. Juma la pili alilala mchana kutwa, akaamka hajui ni siku gani.

Mikono ya mume ikapata nguvu. Mwezi wa tano wa zamu hizo akahama mwenyewe kutoka kitandani mpaka kwenye kiti cha magurudumu, na siku hiyohiyo akatuma ujumbe kanisani: ngazi zile saba za mlangoni hazipandiki kwa magurudumu, na kama wanataka njia ya mteremko, fundi yupo. Akaketi kitini na kamba na pima maji, akawasimamia vijana, akawabomolesha mara mbili walipokosea.

Jumapili ya kuifungua, mpiga pasi alitaka kumsukuma, akakatazwa. Fundi aliyashika magurudumu mwenyewe, akapanda polepole, jasho likimtiririka, watu wakiwa wamesimama pande zote mbili. Mkewe alitembea kando yake, mikono mitupu, wala haikumwasha kusaidia. Walipofika mlangoni vigelegele vilipasuka ndani na nje, kwaya ikaanza wimbo kabla mpiga kinanda hajaketi, na Mama Chuma akaimba kwa sauti kubwa kuliko wote, akiikosea nusu ya maneno, asijali hata kidogo.