Utepe Unaoishia Kijani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ndogo upande wa Kipkelion, Sista Msimamizi alinipa utepe wa plastiki na amri moja. Utepe huo tuliuzungusha kwenye mkono wa mtoto wa chini ya miaka mitano, katikati ya bega na kiwiko, kisha tukasoma rangi: nyekundu hatari, manjano mashaka, kijani mzima. Amri ilikuwa hii: "Unga wa msaada ni wa mgonjwa peke yake. Ukiacha upikiwe nyumba nzima, huyo mtoto utamzika wewe."

Maneno hayo yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Nilipohamishiwa Roret nilikuwa mkali, nakiri. Kina mama waliniita Madam Utepe, na mtoto akisoma kijani benchi zima lilipiga makofi.

Huko Roret ndiko Kogo, yaani nyanya, alikomleta mjukuu wake Chelangat, mifupa mitupu, manjano inayokaribia nyekundu. Mama wa mtoto alipoteza kazi ya kuchuma chai mashine zilipoingia, akaenda mbali kutafuta kibarua. Niliandika kadi kwa jina la Chelangat, nikampa Kogo unga wa soya uliotiwa sukari na chupa ya mafuta.

"Kogo, hiki ni cha Chelangat. Mtu mwingine asionje."

"Nimesikia, Taktari." Kwake kila mhudumu wa zahanati alikuwa daktari.

Baada ya miezi michache, kijani. Makofi. Kanuni ilitaka nimwondoe kwenye orodha, lakini kulikuwa na wajukuu wengine wawili na chungu kilichokauka. Huruma ikanishinda. Nikaendelea kumjazia kadi ili wote wale, ila sikumwambia Kogo hivyo. Nilidhani anajua. Nani asiyejua?

Siku moja akaniambia, "Taktari, huyu akipanda kilima anahema sana. Akilala anakoroma kama mzee."

Nikazungusha utepe. "Kijani, Kogo! Shukuru Mungu. Hata mimi nayatamani hayo mashavu."

Benchi likacheka. Afisa Lishe wa Kaunti, ambaye siku hiyo alikuja kukagua, akafunga rejista yangu akasema, "Kazi safi. Hapa hakuna mgonjwa." Utepe ule hauna rangi baada ya kijani. Mizani ilikuwa hapo ukutani, hatua tatu kutoka nilipokaa, na sikumpandisha mtoto.

Miaka ikapita. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikuwa Sotik, kwenye kliniki ya ugonjwa wa sukari, nikiwafundisha wagonjwa namna ya kula. Daktari Msimamizi akanisukumia faili. "Huyu ana miaka kumi na miwili tu, Madam. Ongea na jamaa zake."

Nilimtambua Kogo kwanza. Chelangat alikaa kando yake, kamba za viatu zimefunguka kwa kuwa hakuweza kuinama. Nyuma yao walisimama ndugu zake wawili, wembamba kama fito.

"Kogo, ulikuwa unampa nini?"

"Vile ulisema." Alinitazama bila lawama, na hilo ndilo lililoniumiza. "Msaada ukiisha, niliuza maziwa nikanunua unga na sukari. Hawa wengine nilifukuza jikoni. Hakuna mtu alionja, Taktari."

Chelangat akainua kichwa. "Mimi nilikuwa nasema nimeshiba. Kogo anasema nimalize, Madam Utepe atakasirika."

Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka nikaweza kurudi.

Sasa nimestaafu. Chelangat anachomwa sindano kila siku, na jirani yao huniambia kwamba Kogo bado ananisifu sokoni kuwa nilimwokolea mtoto. Ninyi mnaoanza kazi hii mtafundishwa kupima vizuri kuliko sisi. Lakini mkimpa mtu amri, rudini mkamwambie imekwisha. Mimi yangu niliitoa kwa sauti kubwa mbele ya benchi zima, na kuiondoa kulihitaji maneno matatu: Kogo, kuleni wote.