Haya ni ya Maua

Ningekuwa natunga, ningejitungia sehemu nzuri. Mtu gani anazua kisa halafu anajiweka mwenyewe mahali pa aibu kama nilipo mimi? Kwa hiyo nisikilize, na usiponiamini, basi angalau usinicheke. Haya yalinipata mchana kweupe, nyumbani kwangu Nyamugari, hapa Gitega, kiangazi kilichopita.

Kwanza ujue kwamba mimi ni mtu wa maua. Nilikulia Tanzania, wazazi waliporudi Burundi nikarudi nao nikiwa msichana, nikaolewa na Hamisi, fundi cherehani mwenye kibanda chake Magarama. Uani kwetu hakuna nafasi hata ya tuta la mchicha, ndiyo maana nilianza kupanda kwenye makopo. Makopo ya maziwa, ndoo za rangi zilizopasuka, sufuria iliyotoboka. Baraza lote likajaa. Begonia zenye majani mekundu kwa chini, feri, mishubiri, jeraniamu, na mengine ambayo majina yake siyajui mpaka leo. Ukienda kwa mtu ukaona ua usilo nalo, roho inakuwasha. Unavunja kijiti, unakificha ndani ya kitenge, unatembea nacho hadi nyumbani kama mwizi wa kuku. Na siku kinapotoa jani jipya, limejikunja bado kama sikio la mtoto mchanga, weee! Nilikuwa nawaita majirani waje kuona. Wanakuja, wanatazama, wanasema, "Mm. Ni jani."

Taabu zake nazo usiulize. Kuku wa jirani wanachakura udongo, konokono wanatafuna machipukizi. Ukimwagilia sana mizizi inaoza, ukimwagilia kidogo majani yanakauka pembeni. Hamisi hakuwa na pa kuweka kiti chake. Alilalamika mara moja, nikanuna, akanyamaza.

Kuna jambo jingine, ambalo wakati ule sikuliona kuwa kubwa. Mama yake Hamisi alifariki mapema, na aliyemlea ni shangazi yake, huko Muyinga. Huyo shangazi alikuwa na miguu mibovu, hata kwenye harusi yetu hakuweza kuja, na picha hakupenda kupigwa. Kila Idi Hamisi aliniambia, "Twende Muyinga ukamwone mama yangu." Nami kila Idi nilijibu, "Tangulia wewe. Tukiondoka wote, nani atamwagilia maua?" Alikwenda peke yake. Alirudi na mkungu wa ndizi na salamu zangu kutoka kwa shangazi.

Basi kiangazi kile bomba la mtaani kwetu likakauka. Maji tulinunua kwa vijana wa baiskeli, wanaopita na mabido, yale madumu ya njano. Nilibana kila kitu. Vyombo nilisuuza kwa maji ya jana, nguo za Hamisi zilisubiri. Lakini maua yangu, niamini, hayakulala na kiu hata siku moja.

Siku hiyo ilikuwa baada ya alasiri. Nilikuwa barazani na kopo langu la kumwagilia, nimeinamia begonia, niliposikia nyuma yangu: "Asalaam aleikum, mwanangu."

Nikageuka. Alikuwa mama mzee, mwembamba, mtandio wa kijani kichwani, amesimama katikati ya makopo yangu. Sikusikia mlango wa uani, na mlango wetu ni wa bati, ukifunguliwa unalia mpaka mtaa wa pili. Niliitika salamu nusu. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba ataniangushia kopo.

"Maua yako iko mazuri," akasema.

"Asante, mama."

"Nimetoka mbali. Nipatie maji kidogo, nikunywe."

Ndani nilikuwa na bido zima. Mkononi nilikuwa na kopo linalodondoka. Nami nikamwambia, "Maji hayapo, mama. Bomba limekauka."

Akatazama kopo. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Na hayo?"

"Haya ni ya maua."

Ndivyo nilivyosema. Kwa mdomo wangu huu. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka labda nilisema neno jingine, neno laini zaidi, lakini hapana.

Yule mama akaigusa feri kwa kidole, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Hapo ndipo nilipoona miguu yake. Kiangazi Gitega, kila mguu ni mwekundu kwa vumbi. Ya kwake ilikuwa safi, kana kwamba haijakanyaga njia yoyote. Moyo ukanishtuka, lakini unajua nilifanya nini? Nilimpa mgongo. Niliinama kumalizia begonia, nikitumaini kwamba nikinyanyuka atakuwa ameshaelewa na kuondoka.

Niliponyanyuka hakuwepo. Mlango wa bati ulikuwa umefungwa kwa ndani, kwa waya wake, kama nilivyoufunga mwenyewe. Nikaufungua, ukalia, nikatoka mbio. Jirani yangu Mama Shakila alikuwa pale pale nje, anachambua maharage.

"Yule mama aliyetoka kwangu ameelekea wapi?"

"Mama gani? Mi niko hapa tangu mchana. Hakuna mtu ametoka. Ni jua limekupiga, ingia ndani."

Nikaingia ndani. Jioni Hamisi aliporudi sikumwambia kitu. Ningeanzia wapi? Na kabla hatujala, simu yake ikaita kutoka Muyinga. Shangazi amezidiwa, njoo na mke wako.

Safari hii sikutaja maua. Tuliondoka alfajiri, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumefika. Chumba kilijaa wanawake, wameketi mikekani. Shangazi alikuwa amelala kwenye godoro chini ya dirisha, macho yamefumba. Nilipomwona uso, nilishika ukuta. Alikuwa yeye. Hata mtandio wa kijani ulikuwa pale, umekunjwa chini ya shavu lake.

Aliyekuwa akimuuguza ni Zubeda, binamu yake Hamisi. Akaanza kutusimulia, bila kujua anasema nini.

"Jana alasiri tulidhani ameshakwenda. Mwili baridi, pumzi hakuna, tukaanza kusoma Yasini. Bon, mara akafungua macho. Akasema, 'Natoka Gitega kwa Hamisi. Bibi yake iko na maua mengi, mpaka ndani ya sufuria iliyotoboka. Nimemuomba maji, akaniambia haya ni ya maua.' Tangu hapo hajasema tena."

Wanawake wakacheka kidogo, kwa huruma. "Ni homa hiyo," mmoja akasema. Hamisi hakucheka. Sufuria ile aliitoboa yeye mwenyewe kwa msumari, nilipomwomba. Akanigeukia.

"Jana kuna mtu alikuja nyumbani?"

"Hapana," nikasema.

Mbele ya mgonjwa. Umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Aibu ya kumnyima mtu maji nilikuwa nayo tayari, nikaiongezea na hii.

Shangazi akafumbua macho. Zubeda, kwa furaha, akanipa kikombe na kijiko. "Mpe wewe, wifi. Mkwe wake hajawahi kumuona, leo amuone." Nikapiga magoti, nikachota maji. Shangazi alinitazama, akatazama kijiko, akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Na haya, iko ya nani?"

Hakuuliza kwa uchungu. Ningependa angeuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mgeni mwenye adabu anayeogopa kula sehemu ya mwenzake.

Wanawake wote wakanigeukia. Nikajibu, "Ni yako, mama. Yote ni yako." Akanywa kidogo, mengine yakamtiririka shavuni nikayafuta kwa kanga yangu. Alifariki kabla ya magharibi, kichwa chake mkononi mwa Hamisi.

Hakuna aliyenitukana. Ila matangani, nilipochukua birika niwanawishe watu mikono, Zubeda alilipokea kwangu kwa upole. "Pumzika, wifi. Sisi tutafanya." Alirudia hivyo kila siku tuliyokaa, na kila mara nikarudi kukaa mkekani, watu wakitazama pembeni.

Tukiwa njiani kurudi nilimweleza Hamisi yote, salamu, kopo, miguu, mlango. Alikuwa ametazama nje dirishani.

"Nilijua pale uliponijibu," akasema. Basi. Hajaongeza neno mpaka leo.

Maua mengi niliwagawia majirani. Nje ya mlango niliweka mtungi na kikombe, na wapita njia wanakunywa. Wananiombea dua, wananiita mama mwema, nami sijui uso niufiche wapi. Wengine hushangaa kwa nini natoka kuwatazama miguu.

Wewe unayenisikiliza, mtu akikuomba maji, mpe kwanza. Jina lake na atokako utauliza kikombe kikiwa mdomoni mwake. Na kama kuna mzee anakungoja mahali, nenda. Acha majani yakauke. Jani huota jingine.

Hamisi bado ni mume mwema. Hanipigii kelele, kazini anakwenda, nyumbani anarudi. Lakini tangu Muyinga hajawahi kuniomba maji. Akishikwa na kiu, hata awe amechoka namna gani, anainuka mwenyewe kwenda kuchota. Na nikimuwahi nikampelekea kikombe, anakipokea kwa mikono miwili, ananiambia asante, kisha anakiweka chini.