Jiko la Mkono Mmoja

Kabla sijafumbua macho nilisikia msumeno. Ulikuwa ukila chuma nje ya dirisha letu, krr, krr, ukinyamaza, kisha ukianza upya kwa sauti ya chini zaidi, kama mtu anayebana kikohozi asiamshe wenzake. Halafu ikaja harufu ya chuma kilichopata moto, na chini yake mafuta ya nyama yaliyoganda tangu Jumapili iliyopita. Nilipovuta pazia nilimwona baba amechuchumaa kwenye roshani ya ghorofa ya nne, bado amevaa koti la kazini, maana ndiyo kwanza alikuwa ametoka kusafisha maofisi usiku kucha. Mbele yake jiko letu la mkaa lilikuwa limelazwa chali, miguu juu, kama mbuzi anayesubiri kuchunwa. Nyuma yake Thamesmead, mtaa wetu wa London, ilikuwa ya kijivu kama kawaida: ziwa, mabata bukini, na maghorofa ya zege yaliyolowa mvua. Nilikuwa na miaka tisa, na majira yale nayakumbuka kwa sauti hiyo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Jiko lenyewe lilikuwa la duara, la aina ile wenyeji wanayoiweka bustanini: bakuli kubwa la chuma cheusi, mfuniko mzito juu yake, miguu mitatu mirefu na vigurudumu viwili. Lilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao wakitaka kuchoma nyama hufungua tu mlango wa nyuma. Mtu alilitupa kando ya mapipa ya taka, baba akalipandisha. Kuwasha moto roshanini kulikatazwa, na tangazo lake lilibandikwa kwenye mlango wa lifti, ambayo nayo ilikuwa mbovu karibu mwaka mzima. Kwa hiyo kila Jumapili baba alilibeba begani ngazi zote hadi chini, akalifikisha ua wa nyuma wa ukumbi wa mtaa, walikokutana watu wetu baada ya ibada na mpira. Pale mama alichoma mishkaki ya kuuza. Mshahara wake wa kutunza wazee ulilipa kodi ya nyumba. Mishkaki ndiyo iliyotulisha.

Kisha habari zikaja kutoka kwetu Muheza kwamba bibi, mama yake baba, ameanguka na nusu ya mwili imepooza. Baba alikuwa mtoto wake wa pekee. Nyumbani sote tulijua maana yake, hata mdogo wangu Juma: karatasi za baba zilimruhusu kutoka nchi hii, hazikumwahidi kurudi. Sisi tungebaki na mama kwa sababu ya shule. Baba hakulizungumza sana. Alisema mara moja tu, akinywa chai amesimama, "Siondoki nikakuachia jiko usiloweza kulishusha, Mama Rehema. Nitalipunguza. Siku utakayolibeba mwenyewe, ndiyo siku nitakayokata tiketi." Mama aliendelea kukunja nguo. Lakini alisikia, na mimi nilisikia, kwamba safari ya baba imefungwa kwenye mkono wa mama.

Basi msumeno ukaanza. Kwanza baba aliikata miguu, akaiunga upya kwa bolti ili ikunjwe. Mama akaja, akashika, akainua kidogo, akashusha. "Bado zito." Baba akang'oa vigurudumu. Akatoa sahani nene ya majivu, akafunga mahali pake kopo la maziwa ya unga. Akachukua vibanio vya sanduku bovu la nguo, akavipigilia ili mfuniko ushikane na bakuli, na ndani yake viingie mkaa, wavu na vijiti vya mishkaki. Mwisho akakata mpini wa kigari alichosukumiwa Juma alipokuwa mchanga, akauweka juu, akiupima si kwa mkono wake bali kwa nyonga ya mama. Kila mara mama aliitwa, kila mara aliinua, kila mara jibu lilikuwa lile lile. "Mbona mimi nalibeba kwa vidole?" baba aliuliza siku moja. Mama akamtazama. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Baba Rehema."

Jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya chini, Mama Furaha, alichoshwa na vumbi la chuma lililomwangukia. Akachungulia juu. "Baba Rehema! Ile jiko utaikata mupaka ibakie kifuniko!"

"Na kifuniko nacho atasema kizito," baba akajibu. Mama, aliyekuwa akianika sare yake ya kazi, akacheka, kisha akakumbuka safari, akageukia kamba yake.

Juma, aliyeelewa kila neno letu na kulijibu kwa Kiingereza, alisema mama anaigiza. Nami niliamini hivyo. Tulijua huko kazini aligeuza na kuinua watu wazima kutwa nzima. Jiko lingemshinda vipi? Nilimpenda zaidi kwa uongo ule, na kila nilipolala niliomba jiko liendelee kuwa zito. Baba alikonda. Asubuhi nyingine alisinzia na msumeno mkononi, mama akautoa taratibu, akamfunika kanga, akaketi kando yake akilitazama lile jiko kama mtu anayemtazama mgeni asiyeaga.

Leo napanga chumba Kilburn, upande mwingine wa London, na ukitaka jiko la safari unaletewa mlangoni likiwa limekunjwa kama mwavuli. Sisemi zamani kulikuwa bora. Zamani tulichoka. Baba hakurudi, bibi alishafariki, yeye mwenyewe amezeeka kule, na Jumapili tunamwona kwenye simu, uso wake ukikatika-katika kwa mtandao. Juzi mama alihama ile nyumba, akaniomba nilishushe jiko. Nikashika mpini wa kigari, nikainua. Kufikia ghorofa ya pili ilinibidi nilitue, niketi kwenye ngazi. Lilikuwa zito. Baada ya kukatwa kote kule, lilikuwa zito kwelikweli, na mama hakuwahi kutudanganya, isipokuwa mara moja.

Ilikuwa Jumapili. Usiku wa kuamkia siku hiyo walipiga simu kutoka Muheza kusema bibi ameanza kuchanganyikiwa, anamwulizia baba kwa jina la babu. Mama alisikia. Asubuhi alijaza jiko mkaa, akapanga wavu na vijiti, akafunga vibanio kimoja kimoja. Baba akainuka kumsaidia. Mama akamzuia kwa kiganja. Akashika mpini kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukibeba beseni la nyama, akasimama wima, bega halikuinama hata kidogo.

"Jepesi," alisema. "Kakate tiketi."

Akatoka bila kugeuka, na ule mlango wetu wa kujifunga wenyewe ukamfuata polepole, ukajifunga.