Hayakuwa Mashina ya Pamba

Pale Somanda, mjini Bariadi, wanasema Judica ana hasira za karibu. Waongo hao. Hasira za Judica ni za mbali: huzilaza, huzifunika, na siku zikiamka hazichagui mwenyeji wala mgeni.

Ni Mpare wa Same, karani wa masjala Bariadi, ameolewa na Masunga wa Zagayu. Nyumba ni ya Masunga, shamba la ukoo, ng'ombe wa ukoo; hata kuku wa uani wana mwenyewe. Chake Judica kilikuwa kimoja tu: wisteria fupi, ua la kutambaa linaloning'iniza vishada vya zambarau. Mche aliutoa Lushoto, akaupanda kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, akausimamishia mti wa kuegemea.

Miaka mitatu aliulea bila kuona ua. Aliunyima samadi, maana ukishiba hutoa majani tu. Alikata matawi na kubakiza macho mawili matatu ya kuchipulia kila tawi, na Juni ikifika aliupunguzia maji mpaka ukapukutisha majani yote. "Mama Lucy, unalea kamba?" jirani mmoja alimcheka. Naye Judica alimweleza Masunga asubuhi na jioni, mpaka watoto wakakariri: "Haujafa. Umelala. Usiguswe."

Agosti ya mwaka huu macho yale yakavimba. Judica aliyahesabu: vishada kumi na kimoja vingefunguka kabla mwezi haujaisha. Alitembea siku zile akijichekea mwenyewe barabarani.

Ndipo Mama Salu, mama mkwe wake, akaja kutibiwa macho. Mama huyu hajui kukaa bure. Kwao Zagayu ulikuwa msimu wa kung'oa mashina ya pamba na kuyachoma, ili wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine. Mkulima asiyechoma husemwa kijiji kizima. Judica aliporudi kazini alikuta ndoo tupu, majivu kando ya ukuta, na mama mkwe akipangusa mikono, ameridhika.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama, ingawa asubuhi ilikwisha kupita. "Nimekusaidia. Vikavu vile vingekuletea wadudu."

Mkwe hafokewi. Judica aliingia jikoni, akaupiga mwiko ukutani hata ukapasuka. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni, na alijua tofauti yake. Miaka mitatu! Na kwa mtu ambaye hata huwezi kumwambia umenikosea!

Wakati wa chakula alishindwa kujizuia. Alisema taratibu: "Mama, yale hayakuwa mashina ya pamba. Lilikuwa ua langu, na lilikuwa karibu kuchanua."

Mama Salu akaacha tonge sahanini. "Ua? Mayu, mbona niliuliza? Nilimuuliza Masunga, hii ni nini baba, nayo imekauka? Akaniambia, ng'oa tu, mama, hiyo imekufa."

Masunga akaanza kuchambua samaki ambaye alikuwa amebaki miiba mitupu.

"Ulijua?" Judica aliuliza.

"Mama Lucy, ni fito tu…"

"Ulijua?"

"Nilichoka kuisikia," alisema Masunga. "Kila siku imelala, imelala. Ndani ya nyumba yangu."

Mama Salu alimtazama mwanawe kwa macho yale mabovu. "Kwa hiyo ulitaka kumuumiza mkeo," alisema, "ukatumia mikono ya mama yako." Akasukuma sahani, akainuka bila kunawa.

"Mama hana kosa," Judica alisema, na safari hii alifoka mpaka majirani wakasikia. "Angekuwa amekosea yeye, ningemsamehe leo leo. Wewe ulikuwa na akili zako timamu!"

Wanaishi bado pamoja. Judica anapika, anafua, anajibu akiulizwa. Lakini kumsamehe hajamsamehe, na mtu akimwambia ni ua tu, mama, msamehe mumeo, humfukuza uani kwake.