Hitilafu ya Mtumiaji

Mpaka leo nikisikia maneno "hitilafu ya mtumiaji" natamani kurusha kitu, na kwa kuwa kilicho karibu huwa ni kikombe cha chai, nimevunja vikombe vingi kuliko harusi tatu za Mbinga zikiunganishwa. Maneno hayo yaliandikwa kwenye faili la dada mmoja, karani wa kiwanda cha kukoboa kahawa nilichofanyia kazi. Yalimtoa mjini yakamtupa ufukweni mwa ziwa, huku mama yake mgonjwa akibaki kijijini Kitura bila mtu wa kumchemshia hata uji. Sikuyaandika mimi. Lakini mimi ndiye niliyeyapa ushahidi, kwa hiyo hasira yangu nusu inakwenda kwa wenyewe na nusu inarudi nyumbani.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Ushirika uliokuwa ukinunua kahawa ya Wamatengo wote ulikuwa unayumba, na makampuni binafsi yakapanda milima yetu kama siafu waliosikia habari ya sukari. Kampuni yetu ilikodi jengo la zamani, ikaleta mashine ya kukoboa, tanuri la kukaushia, jenereta, na kompyuta moja. Mimi nilikuwa fundi wa jenereta. Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nimekaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yakiwa yamepita masikio. Kompyuta nilijifunza kwa mwalimu mmoja wa kujitolea, ambaye alipoondoka aliniachia sidii ya Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, na kitabu kimoja cha kuandikia programu. Kitabu hicho nilikisoma mpaka kurasa zikawa laini kama leso.

Programu iliyokuja na kompyuta ya kampuni ilikuwa nakala ya wizi, ikafa wiki ya pili. Nikaweka Linux. Meneja alitaka kujua ni kitu gani. Nikamwambia ni ya bure. Hakuuliza tena, neno bure lilimwingia kama pilau.

Aliyeitumia kompyuta ile ni dada karani peke yake. Alinizidi miaka kama sita, na alichapa huku anakutazama usoni na kukuulizia habari za nyumbani, vidole vinakwenda vyenyewe. Aliingiza orodha ya wakulima, magunia yao, na daraja la kahawa ya kila mmoja. Mchana wenzake walikwenda kula, yeye akabaki anachapa, ili jioni awahi gari la Kitura kwa mama yake. Na kila baada ya siku mbili tatu, kwenye saa sita hivi, kompyuta ilizimika yenyewe, kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Wengine hawakuwahi kuiona ikizimika. Walikuwa wanakula.

Muuzaji wa kompyuta alimtuma fundi wake kutoka Dar es Salaam. Alifika saa mbili asubuhi, katika baridi ya mwezi wa saba, akaiwasha, akaikodolea macho saa nzima, haikuzimika. Akanywa chai yetu, akaandika kwenye fomu: hitilafu ya mtumiaji.

"Mtumiaji ndiye nani?" meneja akauliza.

Ofisi nzima iligeuka kumtazama dada karani.

"Nimechapa kwa taipureta miaka kumi na miwili," alisema, "haijawahi kunizimikia."

"Taipureta haina umeme, dada," fundi wa Dar akasema.

"Basi aliyeleta umeme ndiye aulizwe."

Fundi akaondoka na basi la mchana, saa sita kasoro. Angengoja nusu saa tu angeiona ikizimika. Nusu saa.

Mimi nilifungua bati la ile kompyuta. Ndani mlikuwa na makapi ya kahawa ya kutosha kulishia mbuzi, na feni ilizunguka kwa huruma. Chumba chenyewe kilishiriki ukuta na tanuri, na bati la paa lilikuwa juu ya kichwa chako kama sufuria iliyofunikwa. Nikaweka vidole juu ya chuma kinachopoza ubongo wa mashine. Ngozi ya vidole viwili ilibaki pale. Nikasafisha, ikatulia siku nne, vumbi likarudi, ikazimika tena.

Nikaenda kwa meneja na vidole vyangu vimefungwa kitambaa. Nikamwambia kompyuta inaungua, ihamishwe. Chumba pekee chenye ubaridi jengo zima kilikuwa ofisi yake.

"Ihamie hapa?" akasema, akitazama kuta zake kama anayeagana nazo. "Na wakulima waje kujipanga hapa? Vumbi liko kila mahali, fundi. Mbona kikokotoo hakizimiki? Lete ushahidi."

Ushahidi ulikuwepo ndani ya kompyuta yenyewe. Kwenye ubao wake mkuu kulikuwa na chipu ndogo, ukubwa wa ukucha, ambayo kazi yake ni kupima joto na mwendo wa feni. Shida ni kwamba chipu ile ilikuwa mpya na Linux haikuijua. Ilijua ndugu zake wakubwa tu. Ilihitaji draiva, yaani kipande cha programu cha kuifundisha mashine kuongea na hiyo chipu. Nilimweleza meneja kwamba nitaandika draiva.

"Dereva wa nini? Gari letu lina dereva."

Nikaacha hivyo.

Namba ya chipu niliisoma kwa lenzi ya mama anayechambua dosari za kahawa. Kila Jumamosi nilipanda basi kwenda Songea na disketi mfukoni, maana ndiko kulikokuwa na barua pepe, nikamwandikia jamaa mmoja wa ng'ambo anayeisimamia sehemu hiyo ya Linux. Simjui sura, lakini alikuwa mtu mwema. Alinitumia karatasi za maelezo za mtengenezaji. Nilichukua draiva ya ndugu wa ile chipu nikaanza kuibadilisha. Ndani ya chipu kuna vyumba vidogo vya namba, vimepangwa kama mashimo ya ngoro, yale tunayolimia milimani ili mvua isibebe udongo, na lazima ujue ni kipi chenye joto. Nilibisha hodi kwenye vyumba vyote. Vingine vilijibu sifuri, vingine vilijibu namba kubwa ya kipuuzi. Kimoja kilinipa nguvu ya betri ndogo inayoitunzia kompyuta saa ikiwa imezimwa, nacho kilionyesha betri inakata roho, nikaona hilo halinihusu. Mwishowe nikapata chumba ambacho namba yake ilipanda nilipokipumulia. Asubuhi kilisema arobaini na moja. Mchana, kabla tu haijazimika, sabini na nane.

Nilicheza ngoma pale ofisini mpaka dada karani akaniuliza kama nimeoa.

"Ni joto hili," nikamwambia. "Uko huru."

"Mwambie aliyenifunga."

Hapo ndipo ningekwenda moja kwa moja kwa meneja. Sikwenda. Nilitaka kwanza mkubwa wa ng'ambo aniambie nimefanya vizuri, kama mwanafunzi anayengoja vema ya kalamu nyekundu. Nikamtumia draiva na mistari michache ya vipimo, kila kipimo na saa yake kama mashine ilivyoiandika: 02:30, arobaini na moja. 06:00, sabini na nane.

Jumamosi iliyofuata nikakuta jibu. Alinisifu, kisha akasema kwa upole kwamba huenda nimesoma namba kinyume. Namba ya kihisi joto cha aina ile, alisema, huwa inashuka moto ukipanda, na vipimo vyangu vinaonyesha mashine inazidi kuwa ya moto kuelekea alfajiri, wakati kila kitu kinazidi kupoa. Alinishauri nitoe namba yangu kutoka mia moja na tisa. Mstari mmoja tu.

Nikaandika mstari huo. Vidole vyangu havijapona sawasawa, ngozi mpya inang'aa, na kwa vidole hivyo hivyo nikaandika kwamba mchana kompyuta ni baridi. Asubuhi ya Mbinga, watu tumevaa masweta mawili, draiva yangu ikasema digrii sitini na nane, nami sikucheka. Nilijiambia wenzetu ng'ambo wanajua. Nikiukumbuka upumbavu ule nahisi joto ambalo hakuna chipu inayoweza kulipima.

Meneja alikuja kuona ushahidi. Saa sita na robo kompyuta ikazimika mbele yake, na kipimo cha mwisho nilichokuwa nimekiandika kwenye karatasi kilikuwa thelathini na moja.

"Thelathini na moja," akasema. "Hata homa haijafika."

Nilifungua mdomo kueleza habari ya vihisi. Hakuhitaji. Wiki hiyo hiyo dada karani alipata barua ya uhamisho kwenda kwenye ghala letu la Mbamba Bay, kuhesabu magunia. Karatasi yangu ilibanwa kwenye faili lake, nyuma ya fomu ya fundi wa Dar. Aliniaga bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniomba tu Jumapili nipite Kitura kumsalimia mama.

Nikapita. Nikasema shikamoo, mama akaitikia, kisha akaniuliza kama mwanawe ameiba.

"Hapana mama."

"Sasa wamemfukuzia nini?"

Jaribu kumweleza mama wa Kitura hitilafu ya mtumiaji. Mimi nilishindwa.

Kiti cha kompyuta akapewa mpwa wa meneja. Kompyuta ikazimika siku ya tatu, saa sita. Ikazimika siku ya tano. Fomu ikajazwa, nami niliisoma kwa macho yangu: hitilafu ya umeme. Jenereta langu. Kwa dada karani kosa lilikuwa la mtumiaji, kwa mpwa likawa la umeme. Nilitoka nje nikapiga teke pipa la dizeli, nikachechemea mwezi mzima.

Siku lori letu lilipoteremka ziwani nilidandia. Barabara ile iliniyumbisha mpaka nadhani nilifika nimekuwa mfupi. Nilimkuta dada karani mlangoni mwa ghala, daftari magotini, na nje wanawake wamemwaga usipa juani ukikauka, wale samaki wadogo wa ziwa, harufu yake imeingia mpaka kwenye kalamu.

"Fundi," akasema. "Umekuja kunipima joto?"

Nikamweleza yote. Vipimo, barua ya ng'ambo, mstari mmoja niliouongeza. Nikampa karatasi ya vipimo vya kwanza, vile nilivyomtumia yule bwana.

"Huyu bwana anasema inachemka alfajiri," nikasema.

"Alfajiri ipi? Mbona hapa ni saa sita."

"Ndiyo. Saa sita."

"Saa sita mchana, fundi. Nani amewasha jenereta alfajiri? Wewe ndiye unayeliwasha."

Nikatazama 06:00. Siku zote nilikuwa nimeisoma saa sita, jua la utosini, kama ambavyo msomaji yeyote wa kwetu angeisoma. Haikunipitia akilini kwamba mtu wa ng'ambo anaona kumepambazuka.

"Nani aliweka hii saa?"

"Mimi. Kila ikizimika inasahau, ikiwaka inaniuliza saa ngapi. Iliniuliza saa tatu asubuhi, nikaijibu tatu. Nimjibu Kizungu nani?"

Betri ndogo. Ile iliyokuwa inakata roho, niliyosema hainihusu.

Nilikaa chini juu ya gunia. Dada karani akakunja karatasi akanirudishia.

"Mimi sina shida na saa," akasema. "Ninachouliza ni kimoja. Uliungua vidole viwili, halafu ukapanda basi kwenda kuuliza ng'ambo kama ni moto?"

Wanawake wa usipa walisikia, wakacheka mpaka mmoja akalazimika kushikilia chanja. Walinitania hadi lori lilipowashwa: Mmatengo huyo, mwulizeni Mzungu kama ana njaa.

Niliporudi Mbinga niliufuta ule mstari. Nikanunua betri mpya ya saa, nikaongeza kwenye draiva kengele ya kupiga joto likifika sabini na tano. Kisha nikafungua bati la kompyuta, nikawaita watu saa sita kasoro robo, mpwa akiwa kitini, mama wa lenzi, wapimaji wa mizani, wote, na njaa zao. Meneja akasimama mbele. Kengele ikalia.

"Sasa ni nini?"

"Sabini na tano, bosi. Usiniamini mimi. Gusa chuma hiki."

Aligusa. Alitamka neno ambalo mtu anayekaa benchi la mbele kanisani hatakiwi kulijua, na sekunde ile ile kompyuta ikazimika, mpwa ameinua mikono yote miwili juu kama aliyekamatwa na polisi.

Kompyuta ikahamia ofisi ya meneja, na haikuzimika tena. Dada karani akaitwa kutoka ziwani, akarudi kwa mama yake na kwenye kiti chake. Lakini nilipomwomba meneja afute yale maneno kwenye faili, akasema fomu ya mtaalamu haifutwi, na kwamba mambo yameshakwisha, tusonge mbele. Nilianza kupandisha sauti. Nilikuwa nimefika mahali pabaya kidogo, pa ukoo wa meneja, wakati dada karani aliponigusa bega.

"Fundi, acha. Mafaili natunza mimi."

Alikuwa akitunza kweli. Ilikuwa sehemu ya kazi yake. Akaniomba nimchapie vipimo upya, saa zikiwa sahihi, na barua mpya ya ng'ambo, niliyojibiwa baada ya kueleza habari ya saa, ambamo jamaa alikuwa ameomba radhi, akisema kosa ni lake kwa kutouliza nchi yetu inahesabu saa kuanzia wapi. Draiva ilikuwa imeshapokelewa kwenye Linux, na pale juu, panapotajwa waliosaidia, nilikuwa nimeliandika jina la dada karani kabla ya langu. Ukurasa huo nao akautaka.

Akafungua faili lake mbele yangu. Fomu ya fundi wa Dar hakuichana. Karatasi yangu ya thelathini na moja hakuitoa. Alizipanga zile mpya juu ya hizo zote, akazitoboa, na kabla ya kuzifunga kwa uzi, pembeni mwa maneno ya yule fundi akachapa kwa taipureta yake ya zamani, bila kuitazama: "Tazama juu."