Kikombe cha Bati Ukutani

Jumanne tulimzika mchoraji wetu wa hapa Likoni. Waliomwosha walikawia sana, maana fuvu lilikuwa limepasuliwa kwa mawe na mkono wa kulia umekatwa kwa panga. Wasomaji wangu, nilimjua mzee huyo miaka mingi, na haya niyaandikayo sikuhadithiwa.

Alichora vyombo vya nyumbani tu: mbuzi ya kukunia nazi, ufagio wa chelewa, kinu kilichopasuka. Aliviazima kwa majirani, akaviweka mezani kwake penye mwanga wa dirisha. Siku moja alikuja kwetu kuazima sufuria, mke wangu akamtolea mpya. "Siyo hiyo, mwanangu. Nipe ile iliyoungua." Mke wangu akacheka: "Wallahi mzee una vituko! Watu huazima kizuri." Akajibu, "Hicho kizuri hakijafanya kazi bado."

Mwezi uliopita jirani yetu alimpa kikombe cha bati cha mwanawe, nami nimekaa papo hapo kibarazani. "Kirudi kesho, babu, mwanangu hanywi uji kwa kingine." Kikarudi kesho yake. Wiki mbili baadaye mtoto akafa kwa homa. Baada ya maziko kijana mmoja akaiona picha ya kile kikombe ukutani kwa mzee, akapiga kelele: "Mchawi! Kamfunga mtoto humu!" Vijana wakamburuta mpaka uani. Mama wa mtoto alikuwa ndani kwake, kazimia kwa kilio. Mzee akaniona. "Jirani, waambie! Nilipewa, nawe ulikuwepo!" Mwenye panga akanigeukia: "Haya mzee, una lako la kusema?" Nikasema sina. Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Walimpiga mpaka akaacha kujikinga, kisha wakazitia picha zake moto.

Mtaani sasa twawalaumu vijana, kwamba hawana kazi, hawana adabu, wanaamini upuuzi. Ni kweli. Lakini wao waliamini walichokisema. Mimi nilijua si kweli. Leo asubuhi nimekwenda kituo cha polisi nikaandikisha yote, pamoja na majina ya watoto wawili wa dada yangu waliokuwa na mawe mikononi. Dada hasemi nami tena. Askari aliandika, akanishukuru, na shukrani ile ilinichoma. Nililojifunza ni hili: neno la kumwokoa mtu lina saa yake. Ningelisema pale uani, lingekuwa uhai wa mzee. Nimelisema leo, limekuwa ushahidi tu.