Sare Niliyoipata Changamwe

Shule niliishia darasa la tatu. Nikabeba mizigo bandarini Kipevu, na leo nina malori mawili yangu mwenyewe, sikurithi. Drafti nimecheza miaka arubaini kwa vizibo vya soda. Sataranji nimejifunza juzi tu, uzeeni. Nilipojiandikisha mashindano ya Changamwe, wenzangu wa barazani Mikindani walicheka. Nikawaambia nikirudi mikono mitupu, kiti changu wakitoe, nitakaa chini mkekani.

Tulikuwa wachezaji sita, kila mmoja acheze na wote. Michezo minne nikafungwa yote. Wa mwisho ulikuwa na binti wa bara, karani wa kutoa mizigo bandarini. Siku hiyo hakuna aliyekuwa amemfunga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usinionee huruma."

"Huruma nimeiacha nyumbani."

Kila mtu alikuwa na dakika kumi kwenye saa. Binti alicheza mbiombio, kikombe cha chai mkononi, kama anayegonga mihuri. Kwa haraka hiyo akamweka malkia wake penye njia ya farasi wangu. Nikamla. Akakitua kikombe.

"Kumbe una meno, mzee."

"Machache, lakini yatafuna."

Kuanzia hapo nilimla mmoja mmoja, mpaka akabaki na mfalme peke yake, kabanwa pembeni. Mimi nilikuwa na malkia na ngome, na dakika moja tu ya saa yangu. Nikamsogeza malkia, nikaziba kila njia. Kwenye drafti asiyeweza kusogea kafungwa, basi. Nikainuka, nikampa mkono.

Mwamuzi akaja, akaitazama meza.

"Mzee, kweli hana njia. Lakini mfalme wake hajashambuliwa. Hii ni sare."

"Nimfungie mtu ndani, mlango na madirisha, kisha waniambia sare?"

"Ndiyo sheria ya sataranji, mzee."

Binti alikuwa akicheka, ajifuta machozi. "Umeniokoa, baba. Nilikuwa nishakufa."

"Sare ni kiasi gani?" nikamuuliza mwamuzi.

"Nusu pointi kila mmoja."

"Iandike, nione."

Akaiandika. Nikatia sahihi taratibu, herufi zangu zote, na wallahi sijapata kutia sahihi iliyonipendeza vile, hata ya lori la kwanza.

Barazani wakabishana mpaka magharibi iwapo nusu yatosha kiti. Mimi nilibishana nao nikiwa nimeshakaa.